Benchi la Marejeleo

Mambo haya yalitokea mwaka 1997, mwishoni mwa masika, Ijumaa ambayo wanafunzi wa mwaka wa tatu walitakiwa kukabidhi ripoti zao za utafiti kabla ya saa kumi alasiri. Katika duka la kupiga chapa lililotazamana na lango la chuo, mwenye duka alikuwa amempigia binti wa kaka yake kurasa arobaini. Alipofika kwenye marejeleo, aliinuka na kumwachia mashine.

"Haya piga mwenyewe," alisema Shangazi. "Mimi sikuwakopa watu hao."

Binti alipiga ingizo la kwanza. Mlango ukafunguka, akaingia mwandishi aliyetajwa, akakung'uta mwavuli wake na kuketi mwanzoni mwa benchi. Ingizo la pili lilimleta bwana mmoja aliyefariki mwaka 1931, amevaa koti zito.

"Ukurasa wangu ni wa 46 au wa 64?" aliuliza.

"Sitini na nne, babu."

"Naam. Wengi hukosea hapo."

"Ketini kwa mpangilio wa alfabeti," Shangazi aliwaambia, "na msiniegemee mashine ya fotokopi."

Mteja aliyekuja kunakili cheti aliuliza foleni ile ilikuwa ya nini. Shangazi akamjibu kwamba hao walikuwa marejeleo, apite tu mbele.

Binti akafika kwa profesa wake, ambaye ndiye angeisahihisha kazi hiyo. Alipiga jina, mwaka, anwani ya kitabu na sura aliyoitumia, ya tatu. Mlango haukufunguka. Shangazi ndiye aliyeondoka kitini pake, akaenda kujibana katikati ya yule marehemu na mama mmoja wa takwimu.

"Shangazi, hapo ni mahali pa profesa."

"Najua. Miguu ndiyo iliyonileta."

Binti alifuta ingizo. Shangazi akarudi kitini. Akalipiga upya, Shangazi akainuka tena, safari hii na kikombe chake cha chai, maana alikwisha kuona mambo yanakoelekea.

"Sura ya tatu ya kitabu hiki ni ya nani?"

"Ile ya foleni za bombani? Nilisimama pale miezi minane na daftari, nikihesabu ndoo. Nikampa mhadhiri wangu anisahihishie. Akaisahihisha vizuri mno, hata jina langu halikubaki."

"Na wewe hukusema?"

"Nilisema. Wakaniuliza rejeleo langu liko wapi."

Mama wa takwimu alitikisa kichwa kwa adabu. Ilikuwa saa tisa na nusu. Binti alihitaji alama sabini ili aendelee na masomo, na kalamu ya kuzitoa alama hizo ilikuwa mkononi mwa profesa. Akatazama saa, akamtazama Shangazi, akalifuta jina la profesa. Mahali pake akapiga jina la Shangazi, mwaka wa zile ndoo, na maneno "muswada ambao haujachapishwa". Namba za kurasa aliziruka, kwa kuwa daftari lilikuwa nyumbani, sandukuni.

Herufi ya Shangazi ilikuwa ya mwisho. Alihamia mwisho wa benchi, dirishani, penye upepo, na marehemu akamsogezea kikombe.

Ripoti ilipobanwa, waandishi waliaga na kwenda zao. Shangazi peke yake hakuweza kuinuka. Wiki nzima alihudumia wateja akiwa pale pale benchini, taipureta ikiwa mapajani.

Ijumaa iliyofuata ripoti ilirudi. Profesa alikuwa amelikata ingizo la mwisho kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Chanzo hiki hakijulikani." Alama zilikuwa sitini na tisa. Juma hilo hilo kitabu chake kilitoka chapa ya tano, na picha yake jaladani ilikuwa ikitabasamu.

Binti aliipeleka ripoti dukani pamoja na daftari alilolitoa sandukuni. Shangazi alivaa miwani, akalisoma ingizo lake chini ya ule mstari mwekundu, bila haraka.

"Kurasa ziko wapi?" aliuliza. "Ndivyo mlivyofundishwa?"

"Nisamehe, Shangazi. Hilo ndilo deni lililosalia."

Akaketi ubavuni pake, akalifungua daftari, akahesabu kwa kidole mpaka jani la mwisho. Kisha akachukua kalamu, akaandika: kurasa 1 hadi 112.

Shangazi akainuka, akanyoosha magoti, akarudi kitini pake.