Mzee Osundwa na Mashine ya Moyo

Miaka ile miwa ilipokuwa na bei, matrekta yakipishana barabara ya Butali mchana kutwa, Lazarus Osundwa hakuwa mtu wa kukaa. Kwa hiyo panga lilipomponyoka shambani, mdomo ukaenda upande na maneno yakamtoka kama uji, wakataji walidhani anawatania. Ni mkewe Jescah aliyepiga mayowe.

Kabla hawajafika hospitalini Kakamega, mkono ulikuwa umepata nguvu na ulimi umefunguka. Lazarus akataka gari ligeuzwe.

"Geuka wewe na miguu yako," Jescah akamwambia. "Mimi nafika."

Daktari Ayuma, mwanamke wa sauti ya upole asiyekubali kuharakishwa, akawaeleza kwamba kile kilikuwa kiharusi kidogo, na kidogo aghalabu hutangulia kikubwa. Akaanza kutafuta chanzo. Kichwa kikapigwa picha: hakuna damu iliyovuja. Damu ikapimwa: hakuna kisukari, jambo lililomfurahisha Lazarus kupita kiasi, maana majirani walikuwa wameshaapa kwamba mkulima wa miwa hana budi kuugua sukari. Mishipa ya shingo haikuwa imeziba. Moyo nao ukapimwa akiwa amelala kitandani, ukaonekana unapiga vizuri.

"Basi nimefaulu yote," akasema, akitafuta kofia yake.

"Mzee, huu si mtihani," daktari akamjibu. "Damu iliganda mahali, ikapanda kichwani. Nisipopajua mahali penyewe, nitakukinga vipi na kiharusi kingine?"

Lazarus akaacha kutafuta kofia. Baba yake alianguka vivyo hivyo, akaishi miaka bila kutamka neno, na ukoo ukasema karogwa. Hakuwa amemwambia mtu, lakini tangu asubuhi ile shambani hakuwaza lingine.

Daktari akambandika nyaya kifuani, zikaungana na kimashine cha kuvaa kiunoni. Kingeusikiliza moyo mchana na usiku. "Nenda ukaishi kama unavyoishi siku zote."

Lazarus akaenda nyumbani, akalala chali kama askofu aliyekufa. Jescah alipomletea chai, mumewe alimnong'oneza, "Polepole, Mama Were, usiushtue moyo."

Waliporudi, daktari alitazama matokeo akakunja uso. "Moyo umetulia tu. Mzee, ulifanya nini?"

"Nililala, daktari. Sikutaka moyo uniaibishe."

Jescah akacheka hadi akashika meza. "Huyu halalangi mchana! Anabishananga na watu kutoka kwetu mpaka Matete!"

"Basi arudi akabishane," daktari akasema, na kumfunga mashine upya.

Safari hii Lazarus alitii. Asubuhi alisimama shambani nyaya zikichungulia shatini. Wakataji wakanong'onezana kwamba kiwanda cha sukari kimempa chombo cha kunasa maneno ya wavivu, na miwa siku hiyo ilianguka kama nyasi. Akagombana na Kimutai, dereva wa trekta, juu ya namna ya kupakia. Alasiri akaimba besi katika mazoezi ya kwaya, jioni akala obusuma na ingokho, ugali na kuku wa kwao, akajinyoosha kwenye kiti kwa raha zake.

Waliporudi hospitalini, daktari aliwaonyesha mistari iliyochorwa na mashine. Mapigo yalikwenda kwa mpangilio, kisha yakavurugika kama ngoma ya isukuti iliyopigwa na walevi.

"Hapa moyo unatetemeka badala ya kusukuma. Damu inatuama, inaganda, kipande kinapanda kichwani. Ilikuwa jioni, baada ya chakula. Hukuhisi?"

"Sikuhisi kitu! Kumbe si Kimutai?"

"Si Kimutai wala kuku. Moyo huvurugika wakati wowote upendao, ndiyo maana tuliuvizia."

Lazarus akainamisha kichwa. "Kwa hiyo si kurogwa?"

"Ni ugonjwa, mzee. Una jina, na una dawa ya kuzuia damu isigande. Utaimeza kila siku, nami nitakuwa nikikupima."

Lazarus akajifuta macho kwa kofia. Jescah akamshika mkono, naye hakuutoa, ingawa watu walikuwa wakiwatazama.

Jumapili baada ya kanisa aliwakusanya ndugu zake wote, akawasimulia habari za moyo wake na za baba yao, kisha akawaagiza wakapimwe mmoja mmoja. Andati, mdogo wao, akasema yeye haumwi popote, hawezi kwenda kujitafutia ugonjwa.

"Huumwi?" Lazarus akauliza kwa furaha, akivuta kiti karibu. "Hebu tuanzie hapo."