Maikrofoni Namba Nne

Saa mbili asubuhi fundi wa sauti alikuwa keshapanga spika kumi na sita, keshabandika nyaya sakafuni kwa utepe mweusi, na sasa anajaribu maikrofoni moja moja. Ya kwanza safi. Ya pili ilikwaruza, akaibadilisha. Ya tatu safi. Ya nne ikatoa sauti ya mtu anayepigwa.

Mtu mwenyewe alikuwa mdogo wake, waliyemwita Njiti kwa wembamba wake, aliyeuawa kwenye uwanja huu huu, tamasha la mwaka jana.

"Namba nne ina mtu," alisema Kaka Volti, fundi wa umeme, akiwa juu ya ngazi.

"Ni mdogo wangu."

"Aa. Nikadhani kebo imelegea. Mpunguzie besi kidogo basi, anavuma."

Alimpunguzia besi. Alibadilisha kebo, akaichomoa kabisa, na vipigo vikaendelea vile vile, pu, pu. Alipofungua kichwa cha maikrofoni akakuta jino, lile la mbele lililomeguka ncha. Akalifunga kwenye leso, akakaza kichwa, akaendelea na namba tano.

Kisa chenyewe ni cha kipuuzi, na ndiyo maana kinauma. Watu wa sauti hawavai mkanda wa mkononi wa kuingilia wakiwa kazini, maana hunasa kwenye nyaya na uliwahi kumng'oa mwenzao ukucha. Wote huuvua na kuutundika kwenye meza ya mitambo. Dada mtu, fundi huyu huyu, ndiye aliyemfunza hivyo. "Vua hiyo, mdogo wangu, utaniangushia spika." Njiti akavua, akaenda nyuma ya jukwaa kukaza plagi, akakutana na walinzi. Walimpa kichapo cha mbwa koko, kwa marungu na mabuti, dakika ishirini na mbili, huku mbele watu wanaimbiwa mapenzi. Ripoti ilisema ameanguka kutoka jukwaani. Jukwaa lile lilikuwa na kimo cha goti.

Tangu hapo dada mtu alitaka jambo moja tu, neno hilo "ameanguka" lifutwe. Alizunguka ofisi mpaka soli zikatoboka. Kila mkubwa alimwuliza swali lile lile: nani alisikia? Na kweli, kwa muziki ule, nani angesikia!

Saa nane mchana uwanja ulikuwa umefurika, jua la utosi, watu bega kwa bega. Fundi akapiga moyo konde, akapandisha kitufe cha namba nne mpaka mwisho.

Mkono wa Njiti ulivunjika saa nane na dakika kumi, ukasikika hadi kwenye foleni ya vyoo. Spika za kushoto zilianza kuchuruzika damu, na waliosimama mbele wakajifuta nyuso kwa viganja. Kisha ikaja sauti nzito, ambayo kila mfanyakazi aliijua. Ilikuwa ya Kifua, mkuu wa walinzi, ambaye wakati huo huo alikuwa amesimama kando ya jukwaa akinywa soda.

"Mkanda wako uko wapi?"

"Mimi fundi!" alilia Njiti. "Muulizeni dada! Dada yangu yuko pale!"

Hilo fundi hakuwahi kulijua. Mwaka mzima hakujua kwamba aliitwa, tena hatua thelathini tu kutoka alipokuwa amevaa visikizi vyake. Alishikilia meza kwa mikono miwili, akalia kama mtoto.

Jukwaani, mpiga ngoma wa bendi alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Rungu lilikuwa na mwendo mzuri, halikosei, naye akalifuata. Besi ikaingia. Upande wa kulia wa uwanja ukaimba, "Mkanda wako uko wapi?" na wa kushoto ukaitikia, "Muulizeni dada!" Maelfu ya mikono ikapaa, kila mmoja na mkanda wake.

Fundi akanyakua maikrofoni namba moja. "Jamani, sikilizeni! Huyo ni mdogo wangu anauawa! Aliyemuua yule pale!"

Watu wakageuka kutazama kidole kilikoelekea, wakamwona Kifua, wakamshangilia. Kumbe Kifua ni mtu wa haya. Alipunga mkono mara moja, akatazama chini.

Mwandaaji wa tamasha alikuja mbio, kofia mkononi, meno yote nje. "Dada! Kwa nini ulitufichia kitu kama hiki?"

"Andikeni ripoti upya," alisema fundi. "Alipigwa. Hakuanguka."

"Ripoti ilishafungwa, mpenzi wangu. Lakini mwakani jina lake liko juu ya bango, herufi kubwa kuliko wote."

Dakika ya ishirini na mbili Njiti alikufa. Uwanja ukatulia. Kaka Volti alivua kofia yake. Fundi akashusha vitufe vyote, akazima meza, kisha akaenda kung'oa waya mkuu kwenye jenereta kwa mikono yake, na taa za spika zikazimika zote kumi na sita.

Mtu mmoja mbele akapaza sauti, "Tena!" Wa pili akadakia. Mara uwanja mzima ukawa unapiga makofi na kudai, "Tena! Tena!"

Na Njiti, ambaye hakuwahi kumkatalia mtu kazi, akaanza upya. Kwenye spika zisizo na umeme zikasikika nyayo zake nyuma ya jukwaa, anakuja polepole akipiga mluzi, anatafuta plagi iliyolegea.