Bustani Namba Nne

Saa mbili kasoro asubuhi, afisa mpya wa bustani za mji alifika kwenye lango la bustani iliyo nyuma ya hospitali, akakuta mafundi wawili wanachimbua nguzo za bembea. Bembea zenyewe zilikuwa zimelazwa kwenye nyasi, minyororo imekunjwa juu yake. Mabenchi mawili yalikuwa tayari kwenye lori. Langoni palibandikwa karatasi: "Bustani Namba Nne imefungwa kwa kukosa watumiaji. Eneo litakuwa maegesho ya magari." Chini kabisa ilitajwa ripoti iliyotoa uamuzi huo. Ripoti ya afisa wa bustani. Yaani yeye.

Aliisoma, akaisoma tena, kisha akageuka kutazama hao watumiaji waliokosekana. Wauguzi watatu waliotoka zamu walikuwa wamevua viatu na kunyoosha miguu kwenye nyasi. Wazee wawili walikuwa wanazozana juu ya drafti. Mwalimu wa chekechea alikuwa amepanga watoto wake mstari, na mstari mzima ulikuwa unakodolea macho bembea zilizolala. Na katikati ya njia alisimama shangazi yake, mkono mmoja hewani, kama mtu aliyesahau alichokuwa anatafuta.

Huyo shangazi ndiye aliyemlea na kumsomesha. Tangu apate kiharusi mwaka jana mguu wake wa kushoto ulikuwa haumtii, na daktari alimwagiza atembee kila siku. Mazoezi yake aliyafanyia hapa. Kutoka benchi hadi benchi ni hatua kumi na mbili. Anakaa, anavuta pumzi, anaanza tena. Wiki iliyopita alikuwa amefika benchi la tano, akarudi nyumbani akijisifu jioni nzima.

"Njoo unishike, mwanangu," alisema. "Nimetoka benchi la pili naenda la tatu, silioni. Nikasema haya, sasa na macho yameanza."

"Liko kwenye lori, Shangazi."

"Nani kaagiza?"

"Inaonekana ni mimi."

Shangazi alimkagua toka kichwani hadi miguuni. "Asubuhi umekunywa chai kweli?"

Alimkalisha kwenye benchi la pili, akamwendea msimamizi wa mafundi, mtu mnene mwenye kalamu sikioni.

"Kaka, acheni kwanza. Hapa mmekosea. Mliambiwa Namba Nne."

"Na hii ndiyo Namba Nne, dada."

"Namba Nne ni ile ya kilimani!"

"Ya kilimani ni Saba."

"Tangu lini?"

"Mimi nimeikuta Saba, nitastaafu niiache Saba." Alimwonyesha karatasi yenye muhuri. "Sina ugomvi na wewe. Mimi natumwa na karatasi. Saa sita lori la kokoto linafika, likishamwaga, habari ya nyasi imekwisha."

Afisa alikwenda ofisini nusu akikimbia. Akatoa nakala ya ripoti yake, ile aliyoiandika kwa siku saba za kusimama juani na kuhesabu vichwa. Namba Nne: watu watatu. Aliikumbuka vizuri siku hiyo, kilimani, mvua inanyesha. Bustani ya hospitali aliiandika Namba Moja: watu mia mbili na kumi na wawili. Basi akafungua daftari kuu la idara. Hospitali: Namba Nne. Kilimani: Namba Saba.

Ilikuwa kama alihesabu watu katika mji mwingine kabisa. Akalinganisha moja moja. Mbili yake ilikuwa Tano ya daftari, Tano yake ilikuwa Moja. Namba Sita peke yake ililingana, na hiyo ndiyo iliyomtisha zaidi, maana kama alikuwa mwendawazimu, mbona Sita aliipata?

Mtu pekee aliyekuwa naye siku zote saba alikuwa mtunza bustani waliyemwita Mpira, kwa sababu mpira wa maji haukumtoka begani. Alimkuta stoo, anatia mpira wake kiraka.

"Mpira, Namba Moja ni ipi?"

"Ya hospitali."

"Kwa nini?"

Mpira alimtazama kwa huruma. "Si ndiyo ya kwanza kupata maji? Bomba kuu linapita pale. Tukitoka pale tunakwenda ya sokoni, halafu ya shule, halafu tunapanda kilimani. Moja, mbili, tatu, nne. Kwani nyinyi ofisini mnahesabu kwa nini?"

Afisa alifungua daftari. "Kwa mwaka wa kufunguliwa."

"Hee!"

"Sasa miaka yote hii mlikuwa mnaelewana vipi?"

"Si alikuwepo karani mzee. Karatasi ikija inasema Nne, anakuja hapa anatuambia, vijana, nendeni Moja. Tukimwambia bomba la Moja limepasuka, anaandika Nne. Nilidhani ukarani wenyewe ndio huo."

Karani mzee alikuwa amestaafu miezi mitatu iliyopita. Walimpa saa ya ukutani na keki, wakapiga picha, na hakuna aliyemuuliza alikuwa anaondoka na nini kichwani.

Ilikuwa saa tano na robo. Kwenye meza ya mkuu wa idara, barua ya kumthibitisha afisa kazini ilikuwa juu ya mafaili, inasubiri saini. Aliiona alipoingia. Akaamua kutoitazama tena.

"Mkuu, ripoti yangu ina makosa."

"Ukurasa gani?"

"Wote. Yaani hesabu ni sahihi. Bustani ndizo sizo."

Mkuu alivua miwani. Afisa alieleza. Mkuu akavaa miwani, akaivua tena.

"Subiri. Kwa hiyo Nne ni Moja?"

"Nne yenu ni Moja yetu. Nne yetu ni Saba yenu."

"Na wewe ni wa upande gani, wetu au wao?"

"Hata sijui, Mkuu. Ninachojua, pale nyuma ya hospitali nilihesabu watu mia mbili na kumi na wawili, na mmoja ni shangazi yangu, leo ameshindwa kufika benchi la tatu kwa sababu yangu. Naomba usitishe. Baada ya hapo unifanye utakavyo."

Mkuu aliandika mistari miwili, akagonga muhuri. "Basi tufunge hiyo ya kilimani?"

Swali hilo hakulitarajia. Aliwakumbuka wale watatu: mama na mtoto chini ya mwavuli mmoja, na mzee aliyekuwa akisinzia kibandani.

"Siku ile ilikuwa mvua. Nipe siku nyingine nikahesabu."

Mkuu alichukua ile barua, akaiingiza kwenye droo. "Hii itangoja. Jumatatu utanieleza tena, polepole, na huyo Mpira awepo."

Alipofika bustanini, lori la kokoto lilikuwa langoni, injini inanguruma. Msimamizi alisoma karatasi mpya kwa makini.

"Kazi isitishwe Namba Nne," alisema. "Nne ipi sasa, dada?"

"Hapa, kaka. Hapa uliposimama."

Alikuna kichwa kwa kalamu, akampungia dereva arudi nyuma. Mabenchi yakashushwa. Bembea ziliachwa kwanza, saruji ingeletwa kesho, na watoto wakarudishwa darasani wakinung'unika.

Shangazi hakungoja kuambiwa. Aliinuka kwenye benchi la pili, akaanza kuhesabu kwa sauti. Kumi. Kumi na moja. Kumi na mbili. Hajafika. Afisa alinyoosha mkono, shangazi akausukuma. Kumi na tatu. Kumi na nne. Akajibwaga kwenye benchi, anahema.

"Wamelisogeza," alisema, "au mguu wangu ndio uliopotea?"

Afisa alitafuta kwenye nyasi mashimo ya zamani ya benchi. Palikuwa pamekanyagwa kila mahali.

"Sijui, Shangazi. Pumzika, halafu turudi tuhesabu tena."