Alama Kwenye Gunia la Chumvi

…kwa sababu anayeufinya ule mpira ni yeye, si mwingine, mpira unafinywa na mkono na mkono ni wa mtu, sasa nani ataniapia kwamba zebaki haipandi pale kwenye kioo kadiri nesi mwenyewe anavyotaka ipande, amepima presha mara moja akakunja uso, akasema, "Mzee, imepanda tena, tulia kidogo nirudie," na kabla sijatulia akaniuliza swali, tena aliuliza huku macho yake yako kwa mke wangu, "Kwani iko dawa ingine unakunywa kwa nyumba?" halafu papo hapo akasema, "Ngoja, usiongee kwanza, utaniambia nikimaliza," mtu gani huuliza swali akakuziba mdomo, huo ni mtego, na mimi Muzafaru sijauza duka mpakani hapa miaka yote hii bila kujua mtego unavyotegwa, anataka nilipike jibu kichwani ili nikilitoa liwe limekwisha kunichoma… na Maimuna amekaa pale kwenye benchi, mgongo umenyooka, furushi lake la nguo magotini, amelifunga kwa kanga ile ya maua mekundu niliyomnunulia Zulaika alipozaliwa, anatazama fundo, na nesi huyu Nasimiyu tulipoingia alimwamkia, "Habari ya siku nyingi, Mama Zulaika," siku nyingi zipi, wamejuana wapi, jina la binti yangu amelipata wapi, mimi ndiye mgonjwa na mimi alinisalimu mzee tu kama mzee yeyote aliyeokotwa njiani… kitambaa kinaanza kubana mkono, kinabana, naisikia damu inagonga kwenye kiwiko, polepole, dada, huo si mpira wa baiskeli… na baiskeli yenyewe iko pale nje, naiona dirishani, Sulaiti ameiegemeza kwenye ukuta, amefunga mto mpya kwenye kiti cha nyuma, kila siku anabeba watu na vikapu vyao mpakani kwenda na kurudi, leo amekuja kumbeba dada yake, nilimwambia mwenyewe nyumbani kwangu, mbele ya Maimuna, nilimwambia shemeji, namba ikipanda leo tena basi huyu dada yako anaendelea kunitilia chumvi kwenye chakula, ananiua kidogo kidogo, na mimi siwezi kukaa na mtu anayeniua, utamchukua umrudishe kwenu, na Sulaiti aliinamisha kichwa, ila Maimuna hakuinamisha, alisema, "Sawa, Baba Zulaika, tuiache mashine iseme," akaenda kufunga nguo, akafunga bila kulia, na hilo nalo lilinitia wasiwasi, mwanamke asiye na kosa angelia… au asingelia, sijui, sijui siku hizi nini ni nini.

Na mimi sikuanza kumshuku hivi hivi tu, nina sababu, kaka yangu Mutwalibu alikuwa dereva, aliangukia Malaba kwenye foleni ya malori, alikuwa ameshika bilauri ya chai anacheka na watu, bilauri ikamtoka, mdomo ukaenda upande mmoja, hakusema neno lingine mpaka tulipomzika, na daktari akasema presha, presha, ndipo na mimi nikaja kupimwa nikaambiwa ninayo, niache chumvi, nimeze vidonge, na vidonge vyenyewe ni vya kukojoa, namwacha mteja na kibaba mkononi nakimbilia uani, nikirudi nakuta sabuni imepungua, kwa hiyo siku za soko simezi, hilo halimhusu nesi… lakini chumvi niliacha, wallahi niliacha, na jamani hebu fikiria adhabu yenyewe, mimi ndiye muuza chumvi, watu wanavuka kutoka upande wa Uganda na magunia mikononi, kwao siku hizi haipatikani, sabuni haipatikani, sukari haipatikani, wanaibusu chumvi yangu mbele ya macho yangu, mama mmoja alilamba kiganja akafumba macho, na mimi narudi ndani kula ugali na samaki wa ziwani kutoka Osieko asiye na ladha, kama natafuna kamba… kwa hiyo niliweka alama, nani asingeweka, kila asubuhi nilisawazisha chumvi kwenye gunia lililofunguliwa nikachora mstari kwa kidole, mstari na mkia wake, kila kibaba nilichouza nikachora upya, na jioni nautazama, uko vilevile, mkia wake uko vilevile, hajagusa, na bado hapa hospitali namba inapanda, kwa hiyo nikajua ananunua kwingine, ananunua kwa Hadijah mtaa wa pili, nikaenda nikamwuliza Hadijah, akanicheka mbele ya wateja, "Boss, bibi yako akuje kununua chumvi kwangu na wewe uko na gunia kumi?" nikasema hata Hadijah wamekwisha kumpanga… "Tulia, mzee, unakaza mkono," anasema nesi, anaiachia hewa, anasikiliza na kile chombo chake masikioni, anakunja uso tena, anafinya upya, sijui anasikiliza nini humo ndani, labda anasikia ninavyowaza.

Dawa nyingine, anasema, kwa nyumba… nani amemwambia, ni Maimuna, nani mwingine anajua, au mgongo wangu ndio umeniumbua nilipoinama shati likapanda, ameziona chale, yule mzee wa pembe kule Malaba aliniumika mgongoni, alisema presha ni damu kujaa, ipunguzwe, akanichanja, akabandika pembe akafyonza, damu nyeusi ikatoka, nilimwuliza unaipeleka wapi damu yangu, akasema naifukia, nikasema nataka kuona inafukiwa, akaifukia mbele yangu, lakini nilipoondoka je, nani alikuwa pale… na maalim alinipa kombe, aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaosha kwa maji nikanywa, Mungu simtilii shaka, nilimtilia shaka maalim, ile sahani niliiona ina nafasi tupu upande mmoja, kwa nini hakuijaza… na Maimuna akaja na vitunguu saumu, anavikatakata asubuhi, "Baba Zulaika, meza na maji, wanasema inasaidia," wanasema, nani wanasema, nikavinusa, nikamwambia anza wewe, akameza, akanuka kutwa nzima kwa ajili yangu… na Asio wa Angurai, yule mama wa Kiteso, magome yake yamechemshwa kwenye debe jeusi, nilimwuliza mti gani, akasema, "Mzee, nikikuambia mti, kesho utachuna peke yako," nikamwambia basi kunywa kwanza wewe, akanywa akapangusa mdomo, nikanywa na mimi, uchungu wake haukuwa wa dunia hii, nimeinywa mpaka leo, na nani anajua kama ni dawa au ni maji ya mti tu, mimi sijui, Asio labda hajui, nesi hajui, ila kitu kimoja najua, dawa ya Asio imenichoma tumbo, kiungulia kinapanda mpaka kooni kila nikiinywa, ndiyo maana hata sasa nina kipande cha magadi shavuni, nilikivunja dukani asubuhi kwa jiwe la mzani, kinatuliza, ndicho kitu pekee katika haya yote ambacho sijawahi kukitilia shaka, kwa sababu nakivunja mwenyewe, kutoka kopo langu mwenyewe, kwa mkono wangu… na pazia hili nalo halizibi kitu, daktari yuko upande wa pili na ajuza mmoja, alijitaja nilipoingia, Roselida wa Adungosi, sauti yake inanipasua kichwa.

"Chumvi niliacha, daktari, tangu ile siku uliniambia."

"Kabisa, nyanya?"

"Kabisa! Hata watoto wanalalamika. Mboga natia magadi tu, mrenda bila magadi haiivi."

"Magadi kiasi gani?"

"Kiasi tu. Na kidogo nalamba, tumbo ikiuma."

"Sasa nyanya, hapo ndio umerudi kwa chumvi. Magadi na chumvi ni mama moja, baba moja. Hiyo ndio inapandisha presha yako, kuliko hata ile chumvi umeacha."

…anasema hivyo makusudi, amepaza sauti makusudi, wamepangana na nesi niyasikie… lakini huyo bibi kweli ni wa kuchekesha, ameacha chumvi akakumbatia magadi, watu wa mashambani hawa, nikimsimulia Maimuna atacheka… atacheka, Maimuna, na furushi magotini… na mimi si kama huyo bibi, mimi sipiki na magadi, mimi ni dawa tu, ni ya kiungulia, nalamba tu, na huyo bibi naye amesema analamba tu, tumbo likimuuma… ulimi wangu umeenda wenyewe kwenye shavu, kiko pale, kimelainika pembeni, ule ukali wake, ule… huo ni ukali wa chumvi, nimeuza vyote viwili rafu moja, nawezaje nisiujue… hapana, ngoja, twende taratibu, tufuate nyayo kama ninavyozifuata za wengine, mara ya kwanza kupimwa nesi hakukunja uso sana, alisema iko juu kidogo, nikaacha chumvi, halafu nikaenda Angurai, halafu kiungulia, halafu magadi, halafu namba ikapanda, nikaongeza dawa ya Asio, kiungulia kikazidi, nikaongeza magadi, namba ikapanda, ndipo nikaanza kuchora mstari kwenye gunia, gunia la chumvi, na kopo la magadi liko hapo hapo ubavuni pake, wazi, sikulichora alama, nilichora kwa mkono huu na kwa mkono ule navunja magadi natia shavuni, nilikuwa nautazama mstari wangu huku nafyonza… na aliniuliza, Maimuna aliniuliza, "Baba Zulaika, magadi inaisha haraka siku hizi, nani ananunua?" na mimi nilimfokea, nilisema anataka kunipoteza macho yasiende kwenye chumvi, nilisema hivyo, na yeye akafunika kopo akaondoka, na asubuhi yake nilifunua.

Kwa hiyo hakunitilia kitu, amekula chakula kile kile kisicho na ladha, wala hakuna aliyemkataza chumvi, amekula kamba pamoja na mimi kwenye sahani moja miezi hii yote ili nisile peke yangu, na leo amekaa kwenye benchi anaisubiri mashine iseme, na mashine imekwisha kusema, inasema mimi… nesi anaiachia hewa, kitambaa kinalegea, anachomoa vile vya masikioni, "Imepanda," anasema, hamwambii mtu, anaiambia karatasi yake, na Maimuna amesikia, vidole vyake vimekaza fundo la kanga, amesimama nusu, nje Sulaiti amepiga kengele ya baiskeli mara moja, kwa heshima, kama mtu anayebisha hodi kwenye msiba… "Haya, mzee, sasa unaweza kuongea. Nimekuuliza, iko kitu ingine unatumia?" na kipande kimebaki kidogo, kama punje ya hindi, kinayeyuka, nikinyamaza kidogo tu kitaisha chenyewe, nitameza mate, hakuna atakayejua, Maimuna atapanda baiskeli ya kaka yake na mimi nitarudi dukani nikiwa na haki yangu na gunia langu na mstari wangu, nitachemsha dawa mwenyewe, nitaumwa mwenyewe, mdomo ukienda upande nani atakuwa pale kuishika bilauri… naona haya, Mungu wangu, kifo sikiogopi kama ninavyoogopa Maimuna akione kitu kilichomo mdomoni mwangu… "Mzee?" anasema nesi, na Maimuna kwa mara ya kwanza tangu asubuhi ameinua macho kutoka kwenye fundo, ananitazama, wala hana hasira, ananitazama tu kuona kama ninaumwa, na ulimi wangu unakitoa kipande shavuni, unakileta mbele, kimefika kwenye meno, ni kikali, ni chumvi tupu, na nimekinga kiganja chini ya kidevu, na mdomo bado nimeufumba…