Mtungi Uliorudi Nyumbani

"Mtu asiye na kosa, wakili wa kazi gani?"

Pudentienne, jirani, aliuliza hivyo akiwa ameegemea ua, na Mukankusi akaitikia kwa kichwa. Kweli, wa kazi gani? Mjane yule wa Nyakabanda hakuwahi kushtaki mtu wala kushtakiwa. Alikuwa na rozari yake, migomba nyuma ya nyumba, na binti mmoja, Joselyne, aliyeshona nguo barazani pa duka la Cyriaque.

Sasa jora la kitenge lilikuwa limepotea dukani, na Cyriaque amemtaja Joselyne. Karatasi ya wito ilikuwa imekuja kutoka brigedi, kituo cha askari majandarma: binti afike huko Jumatatu.

"Peleka pombe," Pudentienne akasema. "Cyriaque akinywa mbele ya watu, maneno yamekwisha. Si ndivyo tulivyolelewa?"

Ndivyo hasa. Ukikosana na mtu, hata kama kosa si lako, unatanguliza mtungi, unainamisha kichwa, mnatia mirija, mnakunywa. Mukankusi akakamua ndizi, akatia unga wa mtama, akaiacha iumuke. Joselyne alinuna.

"Mama, mimi sikuchukua kitu. Msamaha wa nini?"

"Wa amani, mwanangu."

Jumapili baada ya misa akamkuta Mugenzi kwenye ngazi za kanisa. Mugenzi aliimba sauti nzito kwenye kwaya; siku za kazi alikuwa wakili mjini. Mukankusi akamsimulia yote. Hakutaka wakili, alitaka amkumbuke Joselyne katika sala.

Mugenzi hakugusa habari ya sala. "Cyriaque anajua unaleta pombe?"

"Anajua! Amesema nilete leo, atawaita wazee na kiongozi wa mtaa."

"Na yuko mtu aliyemwona Joselyne na hilo jora?"

"Hakuna."

"Basi leo anatafuta shahidi, mama, na shahidi mwenyewe ni mtungi wako. Kesho atawaambia majandarma: mama mtu alikuja kuomba msamaha, watu wote wameona. Wataandika kwamba mmekiri."

Mukankusi akaikamata rozari yake. "Yezu na Mariya! Mimi nilitaka amani."

"Amani ya jirani ni ya jirani. Hili limeshafika brigedi. Karatasi ile ikiingia nyumbani, kabla hujaeleza, kabla hujatia dole gumba, kabla hujaomba radhi, mtafute mtu wa sheria. Asiye na kosa ndiye mwenye cha kupoteza. Kesho mimi mwenyewe nitakwenda na Joselyne. Leo usitoe neno."

"Kunyamaza si kudanganya?"

"Yezu alimwambia Pilato mangapi?"

"Na wakamsulubisha!"

"Hakuwa na wakili, mama."

Mukankusi akapiga ishara ya msalaba, lakini kicheko kilishamtoka. Akateremka ngazi mbio kama msichana.

Nyumbani, mahali pa mtungi palikuwa patupu.

"Pudentienne ameubeba," Joselyne akasema. "Eti ni mzito, amekutangulia."

Hakungoja kusikia zaidi. Alikunja kitenge chake magotini, akakimbia, viatu vya kanisani mkononi, vumbi jekundu likimpanda miguuni, watu wakisimama milangoni: mukecuru huyu, bibi mzee wa watu, anakimbilia wapi hivi?

Uani kwa Cyriaque wazee walikuwa wamekaa, mtungi katikati yao, na Cyriaque ameshika mrija. Hajanywa bado.

"Karibu, Mama Joselyne! Tulikuwa tunakungoja wewe tu. Haya, waambie wazee, pombe hii umeniletea kwa sababu gani?"

Neno lilikuwa pale pale kwenye ulimi. Amelisema tangu utoto, linatoka lenyewe: nisamehe. Pudentienne akamkonyeza. "Sema, dada, tunywe, koo zimekauka!"

Ndipo Mukankusi akaona kitu. Cyriaque hakuwa anamtazama yeye, wala pombe. Alikuwa anamtazama kiongozi wa mtaa, kama mtu anayemwambia mwenzake: sikiliza vizuri.

Mjane akasogea. Akauchomoa mrija mkononi mwa Cyriaque, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Akauziba mtungi kwa jani la mgomba, akapanga ngata kichwani, akapiga goti. Pudentienne, mikono ikifuata mazoea, akamsaidia kujitwika. Mtungi ulipokwisha kukaa ndipo akashtuka kwa alichofanya.

"Weye mukecuru!" Cyriaque akafoka. "Pombe iliyoletwa hairudi! Semeni nyinyi, wazee!"

Mzee mmoja akaanza kucheka, akashindwa kujizuia.

"Sasa huyu amekiri au hajakiri?" kiongozi wa mtaa akauliza.

Wote wakamgeukia Mukankusi. Moyo ulimpiga kama ngoma za Pasaka, na furaha ilikuwa imemjaa hadi machoni. Akanyoosha shingo, akapita katikati yao na mtungi wake kichwani, akatoka mlangoni bila kutamka neno.