Saini ya Kitanda Namba Sita

Kidole cha Msajili kilikuwa kimetua juu ya jina langu kwenye daftari la zamu. Wino wa bluu, herufi zimelala vizuri kama nguo iliyopigwa pasi, tarehe kumi na moja, zamu ya asubuhi. Tarehe hiyo mimi nilikuwa nimelazwa hospitali nyingine kabisa, safari ya saa tano kutoka pale, kwenye wodi ambako walininyang'anya hata kamba za viatu.

"Hii saini ni yako?"

"Hapana, mzee."

"Saini hapa nione."

Nikachukua kalamu. Dawa nilizokuwa nikimeza zilinitetemesha mikono, na jina langu likatoka limepindapinda kama limeandikwa juu ya mkokoteni. Akaitazama karatasi, akanitazama mimi. Nilikuwa nimerudi chuoni asubuhi hiyohiyo. Begi langu lilikuwa bado nje kwenye benchi, na Sindano, mwenzangu wa chumba, amekaa kando yake akililinda.

Chuo kile cha uuguzi kizima kiliniita Redio. Chumba chetu kilikuwa na vitanda vinne, lakini jioni hukosi watu kumi na watano, wengine wamekalia ndoo, kwa sababu habari zote zilipitia kwangu. Nilijua nani kaachwa kabla mwenyewe hajajua. Ndiyo maana usingizi ulipokatika, na maneno yakaanza kunitoka yakikanyagana, watu walicheka tu. Redio leo kaongeza sauti! Siku ya saba, mchana kweupe, nilipanda juu ya meza ya bwalo nikaanza kugawa vyeo. Wewe daktari mkuu, wewe waziri, wewe mpishi nakufukuza kazi. Wakapiga makofi. Wakagonga sahani. Katika bwalo lote ni Sindano peke yake ambaye hakucheka. Binti mwembamba, mnyoofu, tulilala kitanda kimoja cha ghorofa, yeye chini mimi juu. Alinishika kifundo cha mguu.

"Shuka, mwenzangu. Shuka tunywe maji."

Kesho yake mama akaja kunichukua. Mama ni fundi cherehani, na hakuna kitu anachokiogopa duniani kama midomo ya watu. Getini Sindano akamuuliza, "Shikamoo mama. Mnampeleka wapi?"

"Marahaba mwanangu. Binamu yake anaolewa. Jumatatu utamwona hapa."

Sindano akanigeukia. Na mimi, ambaye sijawahi kufungia neno mdomoni, nikatikisa kichwa kukubali.

Hospitali waliandika barua ya kuomba niahirishe masomo. Mama akaitia kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo na vigurudumu vya uzi, ikalala humo siku kumi na mbili kabla hajaipeleka chuoni. "Wakijua ni mambo ya kichwa, nani atakupa kazi?" aliniambia baadaye, huku akilia. "Nilidhani utapoa upesi. Nilidhani hakuna haja mtu kujua."

Yaliyotokea wodini nimeyaunga kipande kwa kipande. Kanuni ilisema mwanafunzi akikosa zamu tatu bila karatasi, anarudia mwaka. Jumatatu ilipita, Redio hajarudi kutoka harusini. Sindano akanisainia. Dada msimamizi wa wodi alikuwa akihesabu saini, hahesabu nyuso. Wanafunzi arobaini wenye sare moja, atamjua nani? Ila kila saini ilikuwa na vitanda vyake sita. Kwa hiyo Sindano alipima presha za wagonjwa wake, kisha akakimbilia wa kwangu, kila asubuhi, anatoka jasho kama mbeba mizigo. Hakuna aliyegundua.

Tarehe kumi na moja alifika kitanda cha tano kati ya vyangu, akaitwa kusaidia kuhamisha mgonjwa. Aliporudi chati zilikuwa zinakusanywa. Kitanda namba sita akaandika kama jana, presha ya kawaida, chini yake jina langu.

Bibi wa kitanda namba sita alikuwa amelalamikia kichwa tangu alfajiri. Saa nne alikuwa amefunikwa shuka hadi usoni.

Miezi ikapita. Wiki moja kabla sijarudi, watoto wa yule bibi walikuja kudai maelezo, na daftari likafunguliwa.

"Kule ulikolazwa wamethibitisha," alisema Msajili. "Kwa hiyo mkono si wako. Lakini barua yako tumeipokea tarehe kumi na tano. Mpaka siku hiyo sisi tulijua upo. Bodi itasema ulimwachia mtu kazi ya kukusainia. Mtatoka wote wawili."

"Sikumtuma mtu, mzee."

"Basi nani?"

Dirishani niliona bega la Sindano likipanda na kushuka. Mkanda wa begi langu ulikatika nilipokuwa nashuka garini, na sasa alikuwa akiushona. Asubuhi ile aliniambia kitanda changu kiko vilevile, mashuka kayafua jana, na muhula mzima hakuruhusu mtu kukikalia. "Mwenye kitanda anarudi," alikuwa akiwaambia. Feni ilizunguka juu yetu ikigonga kitu, tak, tak. Nilifikiria miezi yote ile ya dawa. Nilimfikiria mama na ile droo. Halafu nikataja jina lake, lile la kwenye vyeti, ambalo hatukuwa tumelitumia tangu mwaka wa kwanza.

Msajili akaliandika. Hakuniuliza nina hakika au vipi.

Nilipotoka, Sindano alikata uzi kwa meno, akanipa begi. Alikuwa ameshanisoma usoni.

"Harusi ilikuwa nzuri?"

"Hakukuwa na harusi."

"Najua. Nilikuja kujua." Akajipangusa mapaja, akasimama. "Ungeniambia tu unaumwa, Redio. Wewe unayesema kila kitu. Ningekaa nikakusubiri."

Mlango ukafunguka nyuma yangu, wakamwita ndani.

Nilimaliza chuo, bila Sindano. Sasa mimi ndiye dada msimamizi, na wanafunzi wangu nawaita mmoja mmoja, nawatazama usoni mpaka wengine wanacheka. Chumba cha chai bado kinajaa nikiwepo. Lakini kitanda namba sita napima mwenyewe, mara mbili, hata kama kiko kitupu na nimeshika mkono hewani tu.

Daktari alinipunguzia dawa mwaka jana. Mikono imetulia. Asubuhi nikifungua daftari la zamu naandika jina langu, na kabla sijalifunga huwa naitazama kidogo saini yangu. Herufi zimelala vizuri. Zimelala kama zile za tarehe kumi na moja.