Vigae vya Nabwire

Kila chungu cha Nabwire kilichopasuka motoni, mama mkwe wake Musimbi aliokota vipande vyake na kuvirundika nyuma ya jikoni, mahali ambapo yeyote apitaye njia ya Yamumbi lazima avione. Ilikuwa mwaka ule watoto walipoanza kuletewa maziwa ya Nyayo, yale ya bure ya serikali, shuleni. Mavuno yakiisha, Musimbi angerudi kwao Vihiga kumuuguza dada yake, na alikuwa amesema wazi: "Nikienda kabla hujatoa chungu kizima, hii kazi imekwisha hapa. Watu watapikia bati mpaka wafe."

Nabwire alikuwa mtu wa kutazama, na kwao kazi ya udongo haielezwi, inatazamwa. Basi akaitazama mikono ile ya vidole vilivyopinda kama tangawizi. Musimbi hakuwa na gurudumu. Gurudumu lilikuwa yeye mwenyewe: alikizunguka chungu kinyumenyume, akivuta juu kwa kiganja udongo aliouchanganya na unga mwekundu wa guniani mwake, huku akisengenya majirani, na mdomo wa chungu ukatoka mviringo hata sahani ya dukani ione haya. Nabwire naye alizunguka vivyo hivyo, ila kwa udongo mtupu. Vyake vilisimama vizuri, vikakauka vizuri, vikafika motoni vikalia pwa!

Siku moja Mama Warigia, mwenye duka, alisimama njiani akacheka.

"Nabwire, hii duka yako ya vigae unafungua lini? Niuzie moja niwekee kuku maji!"

"Cheka tu, Mama."

"Si wewe nacheka, ni vyungu. Mimi nimeleta sufuria mpya, hata uipige teke haipasuki."

Nabwire hakuyasahau maneno yale. Jumapili, Musimbi akiwa kanisani, alibeba vigae vyote kwa karai, akavimwaga kwenye matope ya langoni na kuvikanyaga mpaka vikazama.

Kesho yake Musimbi alichukua jiwe lake la kusagia, akaenda nyuma ya jikoni. Akarudi ameshika kiuno.

"Vigae viko wapi?"

"Nimeziba matope pale langoni, Mama."

"Vyote?"

"Vyote."

Musimbi aliketi chini pu, akacheka hadi leso ikamdondoka. "Huyu mtoto ataniua! Ule unga mwekundu mimi huchanganya na udongo, ulidhani ni nini?"

"Mchanga wa kwenu. Si ulikuja nao kwa gunia?"

"Mchanga! Hivyo ni vyungu vya mama yangu vilivyopasuka, nikasaga. Udongo mpya unaogopa moto. Lazima uutie kitu kilichopita motoni tayari, kiutulize. Na kila mfinyanzi husaga vyake. Kwanza upasue, wewe mwenyewe, mpaka vitoshe. Vyako vilikuwa vimetosha."

Nabwire alimtazama, akatazama lango. Kumbe rundo lile alilolionea aibu lilikuwa akiba yake. Akachukua jembe.

"Sasa unavuna?" Mama Warigia aliuliza akipita.

"Navuna, Mama."

Aliosha kila kigae, akasaga mpaka mabega yakawaka, akaukanda unga ule na udongo, akafinyanga kinyumenyume, akalainisha kwa gunzi la mahindi. Chungu kilipokauka kivulini, walikifunika kwa nyasi na mavi ya ng'ombe, wakawasha. Nabwire alingoja ule mlio alioujua. Nyasi zikaungua, zikawa jivu. Kimya.

Musimbi alikitoa kwa fimbo, akakiacha kipoe, kisha akakigonga kwa kidole. Kikalia ngiii, kama kengele ya mbali. Hakumsifu. Alichukua lile jiwe la kusagia, akaliweka miguuni pa Nabwire, akaenda kufunga mizigo yake.

Mama Warigia ndiye aliyekuja kukitaka, cha kupikia maharagwe. Alikigeuza, akakigonga, akakinusa.

"Na hii ikianguka, je?"

"Ikianguka," Nabwire alisema, "niletee vigae."